Zamu za usiku Kasese: historia ya usingizi na afya ya akili ya wahudumu wa dharura

Historia ya huduma ya dharura katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa sehemu kubwa ni historia ya kukesha. Tangu mwaka 1996 wilaya hii imepitia vita, homa za kutoka damu, kipindupindu, mafuriko na korona, na mara nyingi balaa moja limefika kabla ya watu kupumua kutoka lile la kwanza. Kila mara kinga ya mwili wa mhudumu imeboreshwa: glavu, kisha vazi kamili la kinga, kisha chanjo. Usingizi wake na utulivu wa akili yake havikupata hatua kama hizo. Vimeachwa kuwa jambo lake la nyumbani, mpaka walipokuja watafiti wa miaka ya karibuni na kuanza kuvihesabu kuwa sehemu ya kazi.

Jiografia inaeleza mengi. Mji wa Bwera uko chini ya milima ya Rwenzori, karibu na mto Lhubiriha unaotenganisha Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa Uganda ni Mpondwe, ng'ambo ni Kasindi, na siku za soko watu huvuka kwa maelfu wakiwa na samaki, kahawa, vitenge na mafuta ya mawese. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa asili moja na lugha zao zinakaribiana sana, hivyo mpaka hupita katikati ya koo na ndoa. Mgonjwa wa Kasindi huona Hospitali ya Bwera kuwa hospitali yake. Muuguzi wa Bwera naye anaweza kuwa na shangazi Beni na kaka Butembo, miji ya Kongo. Mlipuko wa maradhi ng'ambo ya mto, kwake, ni habari za jamaa zake kabla ya kuwa habari za redioni.

Hospitali zenyewe zilizaliwa kwa nyakati na sababu tofauti. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulipoanza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, wachimbaji na familia zao walihitaji hospitali, na ndiyo chanzo cha Hospitali ya Kilembe Mines kando ya mto Nyamwamba. Kagando, katika eneo la Kisinga, ilitokana na kazi ya wamisionari na leo iko chini ya Kanisa la Uganda. Bwera ni ya serikali. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoanza na kikosi maalumu cha dharura. Kwa miaka mingi mhudumu wa dharura alikuwa ni yeyote aliyekuwepo zamu: muuguzi, mkunga, afisa tabibu, dereva wa gari la wagonjwa. Vijijini waliongezeka wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijiji na vijana wa Msalaba Mwekundu, na milimani, kusikofika gari, wanaume wa kijiji wenye machela mabegani. Dereva wa bodaboda pia ana nafasi katika orodha hiyo, ingawa hajawahi kuandikwa kwenye ratiba ya zamu yoyote.

Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo na kushambulia Mpondwe na maeneo ya jirani. Vita vilivyofuata katika Rwenzori vilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuwafukuza makumi ya maelfu ya watu kutoka vijiji vya milimani hadi kambini na mijini. Usingizi katika miaka hiyo haukuwa suala la wahudumu peke yao, kwa kuwa wilaya nzima ililala kwa sikio moja. Lakini mhudumu alikuwa na mzigo wa ziada, maana mashambulizi ya usiku yalimaanisha majeruhi kabla ya alfajiri. Maneno kama kiwewe na sonona hayakuwa yameingia katika taratibu za kazi. Sheria ya matibabu ya akili iliyotumika Uganda wakati huo ilikuwa ya mwaka 1964, na ilihusu zaidi namna ya kumpokea na kumzuia mgonjwa hospitalini. Ilibadilishwa kwa sheria mpya mwaka 2018.

Homa za kutoka damu zilileta hofu ya aina nyingine. Mwaka 2000 Ebola ya aina ya Sudan ilizuka Gulu, kaskazini mwa nchi, ikaambukiza watu 425 na kuua 224. Katika Hospitali ya Lacor wauguzi waliona wenzao wakifa mmoja baada ya mwingine, na mkuu wao, Dkt. Matthew Lukwiya, alilazimika kuwasihi waendelee. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 5 Desemba 2000. Kifo hicho kilijulikana Uganda nzima na kikawafundisha wahudumu jambo ambalo mafunzo ya kawaida hayakuwa yamelisema wazi, kwamba kuwa mtaalamu na kuwa mwangalifu hakutoshi. Miaka saba baadaye fundisho lilifika karibu zaidi. Bundibugyo, upande wa pili wa milima ile ile ya Rwenzori, ilipatwa na homa ambayo kwa miezi haikutambuliwa, kwa kuwa kirusi chake kilikuwa aina mpya kabisa ya Ebola. Mlipuko ulitangazwa mwishoni mwa Novemba 2007, na siku chache baadaye alikufa Dkt. Jonah Kule, mmoja wa madaktari waliowahudumia wagonjwa wa kwanza. Wahudumu wa Bundibugyo walikuwa wamewashika wagonjwa kwa wiki kadhaa kabla ya kujua walichokuwa wakikishika. Waliobaki hai walilazimika kuhesabu siku kwa kurudi nyuma.

Hesabu hiyo ya siku inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo kiini cha kukosa usingizi katika magonjwa haya. Dalili za Ebola hujitokeza kati ya siku 2 na 21 tangu mtu aambukizwe. Aliyegusana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21 na kupimwa joto la mwili kila siku. Dalili za mwanzo ni homa, maumivu ya kichwa na viungo, na uchovu, yaani zile zile za malaria, na Kasese ni wilaya ya malaria. Mhudumu anayeamka saa 9 usiku akiwa na jasho na kichwa kizito hana njia ya kujua kilichomwamsha mpaka apimwe. Akiwa na watoto, huenda analala chumba cha peke yake au amewapeleka kwa bibi yao. Uchovu unaotokana na kutolala nao ni dalili mojawapo katika orodha, kwa hiyo hofu humnyima usingizi, na kukosa usingizi humwongezea hofu. Katika wiki hizo tatu majirani huanza kupita mbali na mlango wake, na mwenye nyumba huuliza maswali.

Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, Kasese iliingia katika kusubiri kulikochukua miezi kumi. Huo ulikuwa mzigo wa kipekee. Wapimaji walisimama Mpondwe na vipimajoto kuanzia asubuhi, watu walinawa mikono kwa maji ya klorini, na Bwera ikawa na kituo cha kutengea wagonjwa kabla ya kuwepo mgonjwa. Mnamo Novemba 2018 Uganda ilianza kuwachanja wahudumu wa mstari wa mbele, jambo lililofanyika bila kisa hata kimoja ndani ya nchi. Hadi Juni 2019 wapatao 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamechanjwa. Chanjo ilipunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ingawa yenyewe iliweza kumletea mtu homa ya siku moja au mbili.

Habari za ng'ambo ziliongeza uzito. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali mjini Butembo. Kwa mtu wa Bwera mwenye ndugu katika mji huo, kirusi na bunduki vilikuwa katika safari moja kuelekea kwake.

Kisa cha kwanza kilifika Juni 2019. Familia moja ilikuwa imekwenda Kongo kumuuguza na kumzika mzee wao, ikavuka kurudi Uganda tarehe 9. Mtoto wa miaka 5 alipelekwa Hospitali ya Kagando, na wahudumu wa hapo walishuku Ebola mapema, wakaagiza ahamishiwe Bwera. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe ilithibitisha, na Waziri wa Afya, Dkt. Jane Ruth Aceng, akatangaza tarehe 11. Mtoto alifariki, kisha bibi yake, kisha mdogo wake wa miaka 3 aliyekuwa amerudishwa Kongo pamoja na familia kwa matibabu. Tarehe 29 Agosti alithibitishwa mtoto mwingine, msichana wa miaka 9, aliyetambuliwa mpakani Mpondwe na kufariki Bwera. Mara zote mbili maambukizi hayakuenea ndani ya Uganda, na hakuna mhudumu wa Kasese aliyeambukizwa. Ni mafanikio makubwa ya afya ya umma, na sifa yake kubwa ni ya wauguzi na maafisa tabibu wa Kagando waliomtazama mtoto mmoja anayetapika na kufikiri sawasawa.

Mafanikio hayo, hata hivyo, yaliacha alama isiyoandikwa kwenye taarifa. Kumhudumia mtoto anayekufa ukiwa ndani ya vazi linalofunika kila kitu isipokuwa macho nyuma ya miwani ni kazi inayopingana na mazoea yote ya uuguzi. Mgonjwa haoni uso. Mguso unapita kwenye tabaka mbili za glavu. Kwa sababu ya joto, muda wa kukaa ndani haupaswi kuzidi saa moja hivi, na nyanda za Kasese zina joto kali, kwa kuwa Ikweta yenyewe hupita katika wilaya hii. Baada ya hapo huja sehemu ya hatari kuliko zote: kulivua vazi. Kila hatua ina mpangilio wake, na kosa dogo, kama kujifuta jasho kwa kiganja, linaweza kuwa la mwisho.

Hapo ndipo usingizi unapogeuka kuwa suala la kinga. Utafiti wa Dawson na Reid uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kazi za umakini kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia nacho dereva asiendeshe. Muuguzi aliyeamka saa 12 asubuhi, akafanya kazi za nyumbani mchana, kisha akaingia zamu ya usiku, hufika hapo saa 5 usiku, na zamu bado ni mbichi. Mwili hauzoei usiku kwa urahisi, kwa kuwa saa yake ya ndani hufuata mwanga. Anayelala mchana hulala muda mfupi kuliko anayelala usiku, na usingizi wenyewe huwa wa mang'amung'amu, hasa chini ya bati la moto, watoto wakicheza uani na jirani akitwanga. Kukosa usingizi kwa wiki nyingi huongeza uwezekano wa sonona na wasiwasi, na sonona na wasiwasi nazo huvuruga usingizi. Kumbukumbu za kutisha, ambazo kwa kawaida hupungua makali kwa kadiri mtu anavyolala na kuota, huweza kubaki mbichi na kurudi kwa njia ya jinamizi.

Dunia ilichelewa kujua la kufanya kuhusu hali hii. Tangu miaka ya 1980 huduma za zimamoto na za magari ya wagonjwa za Marekani na kwingineko zilikuwa na utaratibu wa kuwakusanya wahudumu mara tu baada ya tukio baya na kumtaka kila mmoja asimulie alichoona. Ulienea sana kwa sababu ulionekana kuwa wa busara. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2002 yaligundua kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na kwa baadhi ya watu huenda hukiongeza. Mahali pake Shirika la Afya Duniani na washirika wake walipendekeza huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kwa mwongozo wa mwaka 2011 na toleo maalumu la Ebola la Septemba 2014, wakati wahudumu wa Afrika Magharibi walipokuwa wakifa kwa mamia. Msingi wake ni mwepisi: mtu ahakikishiwe usalama, chakula, mapumziko na mawasiliano na jamaa zake, asikilizwe akitaka kusema, asilazimishwe asipotaka. Mwongozo huo umewahusu wahudumu wenyewe pia. Katika utendaji, umetumika zaidi kwa wagonjwa, manusura na wafiwa. Utaratibu mmoja wa vituo vya Ebola uliomsaidia mhudumu moja kwa moja ulibuniwa kwa sababu za kinga: kuingia wawili wawili, kila mmoja akimchunga mwenzake. Aliyekuwa na mwenzake ndani alikuwa pia na mtu mmoja nje ambaye hakuhitaji kuelezwa lolote.

Kasese haikupata mwaka wa kupumzika. Uganda ilithibitisha kisa cha kwanza cha korona tarehe 21 Machi 2020, wakati mlipuko wa Ebola wa Kivu ulikuwa haujatangazwa kwisha. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni, baada ya vifo 2,287. Kuanzia mwishoni mwa Machi usafiri wa umma na magari binafsi vilisimamishwa, na amri ya kutotoka nje ikaanza saa 1 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Gari la kumpeleka mgonjwa lilihitaji kibali. Bodaboda, ambayo ndiyo gari la wagonjwa la watu wengi, haikuruhusiwa kubeba abiria. Katika wilaya za mpakani, Kasese ikiwemo, marufuku ya usafiri yalidumu hata baada ya kulegezwa kwingine. Mama mjamzito wa kijijini alifika akiwa amechelewa, na mkunga wa zamu ya usiku aliupokea uchelewaji huo kama damu. Wahudumu wengi nchini walitembea kwa miguu kwenda kazini, saa kadhaa ambazo zilikatwa kutoka kwenye usingizi wao.

Korona ilitofautiana na Ebola kwa jambo moja lililoathiri akili kwa namna mpya. Ebola ina mgonjwa anayejulikana na siku 21 zenye mwisho. Korona haikuwa na mwisho wa kuhesabu. Aliyeambukiza angeweza kuwa mtu asiye na dalili yoyote, na hatari ilirudi upya kila zamu. Mazoea yaliyojengwa kwa Ebola, kunawa, kutenga, kupima joto, yaliisaidia sana Bwera. Mazoea hayo hayo yaliwafanya wahudumu wawe macho muda wote, kama askari aliyehamishwa kutoka lindo moja hadi jingine bila likizo.

Kisha mito ikafurika. Tarehe 7 Mei 2020 Nyamwamba, pamoja na mito mingine inayoshuka kutoka Rwenzori, ilivunja kingo zake. Hospitali ya Kilembe Mines, iliyokuwa imepigwa na mafuriko mwaka 2013 pia, iliharibiwa vibaya na wagonjwa wakahamishwa. Maelfu ya watu walipoteza nyumba na kuishia kambini, katikati ya marufuku ya mikusanyiko. Miongoni mwa waliohamishwa na waliopoteza walikuwamo wahudumu wenyewe. Mzigo wa hospitali moja uligawanywa kwa vituo vilivyobaki, vilivyokuwa tayari vimejaa.

Wakati huo huo takwimu za afya ya akili ya wahudumu zilianza kutoka sehemu mbalimbali duniani. Utafiti mmoja wa China, uliofanyika mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 2020 kwa wahudumu 1,257, ulikuta dalili za sonona kwa asilimia 50.4 na za kukosa usingizi kwa asilimia 34. Walioathirika zaidi walikuwa wauguzi, wanawake na waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa moja kwa moja. Takwimu hizo zilipimwa katika hospitali za mijini na katika wiki za mwanzo za janga. Haziwezi kuhamishiwa Bwera bila tahadhari, mahali ambapo janga lilikuta wahudumu waliokwisha kukesha kwa Ebola na ambako muuguzi mmoja usiku huangalia wodi nzima. Zilisaidia kwa jambo jingine: zilimpa mhudumu ruhusa ya kusema kwamba halali. Kabla ya hapo, kukiri hivyo kulionekana kuwa kukiri udhaifu, au kumkaribia yule mgonjwa wa hospitali ya akili ya Butabika ambaye jamii humcheka.

Tarehe 16 Juni 2023, kiasi cha saa 5:30 usiku, ADF walishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha mjini Mpondwe na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Majeruhi na maiti walipelekwa Hospitali ya Bwera, na miili iliyoungua kiasi cha kutotambulika ikasafirishwa Fort Portal kwa vipimo vya vinasaba. Baadhi ya waliopokea miili hiyo huenda walikuwa wale wale waliosimama kwenye kituo cha Ebola mwaka 2019 na kwenye wodi za korona mwaka 2020. Washauri nasaha walitumwa kwa familia na wanafunzi walionusurika, kama ilivyostahili.

Yanayoweza kuukinga usingizi wa mhudumu yanajulikana na si ya gharama kubwa kama mavazi ya kinga. Ni zamu za saa 8 badala ya 12 pale inapowezekana, zamu za usiku zisizozidi tatu mfululizo, siku mbili za mapumziko baada yake, ratiba inayosogea kutoka asubuhi kwenda jioni kwenda usiku wala si kinyumenyume, ruhusa ya kusinzia dakika 20 au 30 katikati ya zamu, chumba chenye giza karibu na hospitali kwa waishio mbali, usafiri wa kumrudisha mtu nyumbani alfajiri, na mtu wa kuzungumza naye asiye msimamizi wake. Yote hayo yanategemea kitu kimoja ambacho hospitali za wilaya za Uganda hazijawahi kuwa nacho cha kutosha: wahudumu wa kujaza ratiba hiyo. Nafasi za kazi zikiwa wazi, zamu ya asiyekuwepo hufanywa na aliyepo. Mlipuko ukizuka, wafadhili huleta hema, vazi na posho kwa miezi michache, kisha huondoka navyo, na ratiba ya usiku hubaki na majina yale yale.